Mpira wa Kriketi Shingoni: Mwongozo kwa Anayesimamia Timu Isiyo na Daktari

Tarehe 25 Novemba 2014, katika uwanja wa Sydney Cricket Ground, Phillip Hughes, mpigaji wa timu ya jimbo la South Australia, alikuwa na mikimbio (alama) 63 na bado yumo mchezoni. Sean Abbott, mrushaji wa New South Wales, akamtupia mpira mfupi, ule unaodunda mapema na kupanda kuelekea kichwani. Hughes akageuka kuupiga, akawahi mno. Gongo likapita hewani, mpira ukamgonga upande wa kushoto wa shingo, nyuma ya sikio, chini kidogo ya ukingo wa helmeti. Alisimama kwa muda mfupi ameshika magoti, kisha akaanguka kifudifudi. Siku 2 baadaye alifariki katika hospitali ya St Vincent's, zikiwa zimebaki siku 3 atimize miaka 26.

Hakuwa mtu wa kujifunza. Mtoto huyo wa mkulima wa ndizi kutoka Macksville alikuwa amecheza mechi 26 za Test, zile za siku 5 kati ya timu za taifa, na mwaka 2009 mjini Durban, akiwa na miaka 20, alifunga mikimbio mia katika zamu zote mbili za kupiga dhidi ya Afrika Kusini. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo akiwa na umri mdogo kuliko wake. Kwa hiyo tuache ile kauli ya vijiweni kwamba anayeumia ni asiyejua kucheza.

Daktari wa timu ya Australia, Peter Brukner, alieleza kwamba pigo lile liliibana na kuichana ateri inayopita kwenye pingili za shingo kupeleka damu kwenye ubongo, na damu ikavujia kuuzunguka ubongo. Alisema ni jambo adimu sana: visa karibu 100 tu vilikuwa vimewahi kuripotiwa, na kimoja tu kati yake kilitokana na mpira wa kriketi. Mwaka 2016 mchunguzi wa vifo wa New South Wales, Michael Barnes, alihitimisha kwamba ilikuwa ajali, hakuna wa kulaumiwa, na kwamba hata msaada wa haraka zaidi usingemwokoa Hughes.

Lakini ripoti hiyo hiyo ilionyesha jambo ambalo kila msimamizi wa timu anapaswa kulisoma mara mbili. Katika uwanja ule mkubwa, katikati ya jiji tajiri, zaidi ya dakika 6 zilipita kabla gari la wagonjwa halijapigiwa simu, na aliyepiga simu hakuwa na maelezo ya kutosha kuhusu hali ya majeruhi. Ishara ya kumwita daktari kutoka katikati ya uwanja haikuwa wazi kwa kila mtu. Kama Sydney palikuwa hivyo, fikiria kwenye kiwanja cha shule ambako mwalimu wa michezo ndiye mwamuzi, mtunza alama na mwenye ufunguo wa stoo.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na helmeti.

Hatua ya 1: Andika mpango wa dharura kabla hujanunua chochote

Karatasi moja inatosha, ibandikwe kwenye ubao wa alama au ndani ya mfuniko wa boksi la vifaa. Iandikwe majina ya watu, si vyeo. "Mtu fulani atapiga simu" maana yake hakuna atakayepiga.

Andika nani anapiga simu na anayemsaidia asipokuwepo. Andika maneno yenyewe atakayosema: jina la uwanja, lango la kuingilia, alama ya karibu inayojulikana na madereva, na sentensi ya aina hii: "Amegongwa shingoni na mpira mgumu, ameanguka, hajitambui, anapumua (au hapumui)." Sentensi hiyo ndiyo inayomfanya anayepokea simu aone kwamba jambo hili si la kusubiri. "Mchezaji ameumia" haimwambii kitu, kwa sababu hata aliyetegua kidole ameumia.

Andika nani anakimbilia langoni kumpokea dereva, na nani ana ufunguo wa lango kubwa. Viwanja vingi vina lango dogo la watu na lango kubwa lililofungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo Jumapili yuko kwake.

Amueni ishara moja ya kumwita mtoa huduma ya kwanza. Mikono yote miwili juu, imepishana, inatosha. Kila mchezaji aijue, pamoja na wa timu pinzani, na mwamuzi aitaje wakati wa kurusha sarafu.

Kisha usafiri. Katika miji yetu mingi gari la wagonjwa linaweza kuchelewa sana, kwa hiyo lazima liwepo gari ambalo mtu anaweza kulazwa chali: Hiace, Noah iliyokunjwa viti vya nyuma, au pikapu yenye godoro. Dereva asiwe mchezaji aliye katikati ya ova, yaani zamu ya mipira 6 ya mrushaji mmoja. Bodaboda isahau kabisa kwa mtu aliyeumia shingo, hata kama hospitali iko ng'ambo ya barabara.

Na hospitali ipi? Hapa watu wengi hukosea, wanakwenda kwenye zahanati ya karibu kisha wanapoteza saa nzima wakisubiri rufaa. Ulizia wiki kabla ya msimu ni hospitali ipi yenye CT scan inayofanya kazi na ipi inapasua ubongo. Dar es Salaam, kwa mfano, upasuaji wa ubongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Zahanati ya karibu ni ya asiyepumua vizuri au anayevuja damu nyingi. Mwingine aende moja kwa moja panapostahili.

Hatua ya 2: Helmeti, na kile kipande cha nyuma

Siku ile Hughes alivaa helmeti, ila ilikuwa ya toleo la zamani. Mapitio yaliyoongozwa na wakili David Curtain yalisema hata toleo jipya huenda lisingefika pale mpira ulipogonga. Baada ya kifo chake watengenezaji walianza kuuza kinga ya shingo inayobanwa nyuma ya helmeti, na kuanzia Oktoba 2023 bodi ya kriketi ya Australia iliilazimisha kwa wapigaji wake wanaokabili warushaji wa kasi. Ilichukua karibu miaka 9. Wachezaji wakubwa walikuwa wakilalamika kwamba inabana na inawasumbua kugeuza shingo. Steve Smith wa Australia ni mmoja wao, na hakuwa ameivaa mwaka 2019 pale uwanja wa Lord's, London, mpira wa Jofra Archer wa England ulipompiga shingoni. Mtoto asipewe nafasi ya kuchagua: kama ana helmeti, ana na kipande cha nyuma.

Unaponunua, tafuta ndani ya helmeti lebo ya kiwango cha Uingereza, BS 7928:2013. Kiwango hicho ndicho kilichoanza kupima kama mpira unaweza kupenya kati ya ukingo wa juu na nondo za usoni. Soma pia lebo inasema imepimwa kwa mpira upi. Mpira wa wanaume una uzito wa takriban gramu 156 hadi 163, wa vijana ni gramu 133 hadi 144, na ni mdogo kwa umbo. Helmeti iliyopimwa kwa mpira mkubwa tu inaweza kuupitisha mdogo katikati ya nondo.

Helmeti za mtumba na za msaada zinafika sana kwetu. Zipokee kwa shukrani, kisha zikague bila haya. Yenye ufa itupwe. Iliyokwisha kupokea pigo kubwa itupwe pia, hata kama kwa nje inang'aa, maana sponji ya ndani hufanya kazi mara moja tu, basi. Nondo zilizopinda zisinyooshwe kwa koleo. Kamba ya kidevu isiyofunga haina maana. Helmeti ikiruka kichwani kabla ya mpira kufika ni sawa na kutovaa. Helmeti ya bodaboda si mbadala: haina nondo, inaziba masikio, na inaficha mpira unaotoka pembeni.

Kama fedha zinatosha helmeti 3 tu, ya kwanza ni ya mpigaji, ya pili ya mwenzake upande wa pili, ya tatu ya mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, anaposogea karibu na vijiti (wiketi). Mark Boucher wa Afrika Kusini alimaliza maisha yake ya uchezaji mwaka 2012 huko Taunton, England, kwa kipande cha mti juu ya wiketi kilichorukia jichoni, na mrushaji hakuwa hata wa kasi. Sasa ICC, shirika la kriketi duniani, inalazimisha helmeti kwa mlinda wiketi aliyesimama karibu, kwa mpigaji anayekabili mpira wa kasi, na kwa mdakaji aliye karibu mbele ya mpigaji.

Hatua ya 3: Njia ya kurushia na mpira wenyewe

Kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 20 na kidogo. Mpira wa kilomita 140 kwa saa unafika kwa takriban nusu sekunde. Vijana wenu hawarushi hivyo, lakini njia mbovu inafidia kasi isiyokuwepo.

Viwanja vyetu vingi hutumia mkeka uliotandikwa juu ya saruji au udongo ulioshindiliwa. Mkeka uliolegea ndio adui. Mpira ukidunda kwenye mkunjo, mmoja unalala, wa pili unapanda hadi kooni, na mpigaji hana namna ya kujua upi unakuja. Uvuteni pande zote nne, pigilieni misumari kila upande, kisha mtu mmoja atembee njia yote akiburuta viatu. Akijikwaa, anzeni upya. Fagieni kokoto chini ya mkeka, si juu tu. Baada ya mvua, angalieni tena pale wapigaji wanaposimama, hapo udongo huchimbika.

Kwa watoto wanaoanza, tumieni mpira wa tenisi, hata uliozungushiwa utepe wa umeme. Mtoto hajifunzi ujasiri kwa kuogopa mpira. Anajifunza kugeuza uso, na anayegeuza uso ndiye anayegongwa nyuma ya sikio. Mfundishe kwanza kuinama na kukwepa huku macho yakiwa kwenye mpira, kabla hujamfundisha kuupiga mpira mfupi.

Hatua ya 4: Mazoezini ndipo penye uzembe

Mechi ina mwamuzi. Neti, kile kizimba cha mazoezi kilichozungushiwa wavu, haina. Oktoba 2025 kijana wa miaka 17 alifariki Melbourne baada ya kugongwa shingoni akiwa anapasha misuli kwenye neti. Alikuwa na helmeti lakini bila kinga ya shingo, na mpira ulirushwa kwa kile kifaa cha mkononi kinachoongeza kasi. Zaidi ya miaka 10 baada ya Hughes, katika nchi ile ile.

Kwa hiyo sheria za neti ziwe kali kuliko za mechi. Hakuna kuingia bila helmeti, hata kwa "mipira miwili tu". Mrushaji mmoja kwa wakati mmoja, na asirushe mpaka mpigaji amwangalie. Anayeokota mpira hainami akiwa ameipa neti mgongo. Wavu uliotoboka ushonwe kwa kamba ya nailoni siku hiyo hiyo. Kifaa cha kurushia kishikwe na kocha peke yake, asimrushie mtoto mipira mifupi ya kichwani bila kumwambia.

Hatua ya 5: Mwamuzi na wanaosimama karibu

Mwamuzi wengi wetu tunamchukulia kama mtu wa kuhesabu mipira. Kanuni ya 41.6 ya kriketi inampa mamlaka ya kuuita mpira mfupi kuwa wa hatari akizingatia kasi, urefu, kimo, uelekeo na uwezo wa mpigaji, na inamtaka asijali kama mpigaji amevaa vifaa vya kinga. Mtoto wa miaka 13 akipangiwa mrushaji wa miaka 19, mwamuzi asisubiri aumie ndipo atoe onyo. Nahodha akinuna, anune.

Wadakaji nao. Mwaka 1998 mjini Dhaka, Raman Lamba, aliyewahi kuichezea India, alisogea karibu kabisa na mpigaji bila helmeti kwa sababu zilikuwa zimebaki mipira michache ova iishe. Mpira ukampiga kichwani kwa nguvu hata ukaruka na kudakwa na mlinda wiketi. Alifariki siku 3 baadaye. Bodi ya kriketi ya England na Wales inakataza mchezaji wa chini ya miaka 13 kusimama ndani ya takriban mita 10 kutoka kwa mpigaji, na wa chini ya 15 ndani ya takriban mita 7.3. Chorea duara kwa chokaa mkeka ukishatandikwa, ubishi utakwisha.

Mwamuzi mwenyewe asimame pale anapoweza kukwepa. Siku chache baada ya Hughes, Hillel Oscar, nahodha wa zamani wa Israel, alikufa akichezesha mechi huko Ashdod baada ya kugongwa na mpira.

Radi ikinguruma, wote ndani ya jengo au gari, si chini ya mwembe, na mchezo usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hatua ya 6: Ameanguka

Simamisha mchezo kwa ishara mliyokubaliana. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Mtu mmoja apige magoti upande wa kichwa na kukishika kwa mikono miwili kisisogee. Asikiachie mpaka hospitali. Wengine wasimnyanyue, wasimkalishe, wasimmwagie maji.
2. Mwite kwa jina, tazama kifua. Kama anapumua, helmeti ibaki isipokuwa inaziba hewa. Aliyepewa kazi ya simu awe ameshaanza kupiga.
3. Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama samaki aliyetolewa majini, mvueni helmeti watu wawili, mmoja akishika shingo. Anza kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Badilishaneni kila dakika 2, maana mkono unachoka kabla ya moyo wako kukubali. Kama uwanja una mashine ya kushtua moyo, iwashwe na kufuatwa maelekezo yake.
4. Akitapika, mgeuzeni ubavu mwili wote kwa pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja.
5. Kumpakia garini ni kwa ubao au mlango uliong'olewa, watu 5 au 6, kwa amri ya aliyeshika kichwa.

Si kila anayeanguka amegongwa kichwani. Mpira wa kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama bila kuguswa na chochote. Mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka peke yake Lyon tarehe 26 Juni 2003 na hakuinuka. Mwanasoka Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo Copenhagen mwaka 2021, akakandamizwa kifua na kushtuliwa kwa mashine pale pale kwenye nyasi, na baadaye akarudi kucheza. Ukiona mtu ameanguka bila kuguswa na mtu, usimtafutie ufunguo wa kumshikisha mkononi wala usimwekee kijiko mdomoni. Nenda namba 3.

Hatua ya 7: Amesimama, anasema yuko sawa

Hii ndiyo hali utakayokutana nayo mara nyingi, na ndiyo inayohitaji kichwa kigumu. Aliyegongwa kichwani au shingoni anatoka. Hata akikasirika, hata kama ni fainali, hata kama baba yake yuko jukwaani.

Smith, pale Lord's, alikuwa na mikimbio 80 alipogongwa. Alitoka, akapimwa, akarudi, akatolewa akiwa na 92. Asubuhi iliyofuata alikuwa na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, akaondolewa kwenye mechi, na mechi ya Test iliyofuata, ya Headingley, akaikosa pia. Mwenzake Marnus Labuschagne akawa mchezaji wa kwanza katika Test kuingia badala ya aliyepata mtikisiko wa ubongo, kwa kanuni iliyokuwa na wiki chache tu. Tazama mfululizo huo: vipimo vya mwanzo vilikuwa sawa, dalili zilikuja kesho yake. Nyinyi hamna hata vipimo vya mwanzo.

Kwa hiyo mchezaji huyo asirudi siku hiyo, asiendeshe pikipiki, na asilale peke yake usiku huo. Mpigie mama yake au anayeishi naye, usimwachie mtoto ujumbe aupeleke mwenyewe. Mweleze kwa lugha ya nyumbani mambo ya kukimbiza hospitali: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganya maneno, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, degedege, maji au damu sikioni. Kwa aliyegongwa shingoni ongeza haya: maumivu ya shingo yasiyoisha, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, kuyumba kama mlevi. Ateri iliyochanika kidogo inaweza kuleta kiharusi baada ya saa au siku kadhaa, wakati kila mtu amekwisha kusahau mechi.

Dawa za duka la jirani nazo ziangaliwe. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huweza kuzidisha damu kuvuja; asipewe mpaka daktari amwone.

Siku 1 au 2 za mwanzo ni za kupumzika, simu na televisheni kidogo. Baadaye kutembea, kisha kukimbia taratibu, kisha neti kwa mpira wa tenisi, kisha mpira mgumu. Dalili ikirudi, anarudi hatua moja nyuma. Mechi ni baada ya daktari kuruhusu, si baada ya nahodha kuomba.

Hatua ya 8: Aliyerusha mpira

Hatua hii haimo katika miongozo mingi. Sean Abbott alikuwa na miaka 22. Hakuvunja kanuni yoyote. Mpira mfupi ni sehemu halali ya mchezo, na mchunguzi wa vifo alisema wazi hakuwa na lawama. Wachezaji wenzake hawakumwacha peke yake. Wiki 2 baadaye alirudi uwanja ule ule na kuwatoa wapigaji 6 wa Queensland huku akifungwa mikimbio 14 tu.

Ikitokea kwenu, mmoja wenu mwenye umri awe na mrushaji tangu dakika ile ile. Amwondoe uwanjani, akae naye, asimwache asome simu peke yake. Asiitwe kueleza "ilikuwaje" mbele ya kundi. Familia ya aliyeumia ipelekewe taarifa na msimamizi, si naye. Akitaka kwenda hospitalini kumwona mwenzake, apelekwe, akisindikizwa. Asipotaka, asilazimishwe. Na siku atakaporudi kurusha, aanze na neti isiyo na mpigaji, alenge vijiti tu, mpaka yeye mwenyewe aseme anataka mtu asimame mbele yake.